Sura ya 6: Mpango Gani Utangulie?

Mto Tana unaanzia kwenye miteremko ya Nyandarua na Mlima Kenya, unakata kona kuelekea mashariki kisha kusini, na baada ya kilomita zipatazo 1,000 unamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Sehemu yake ya juu ina mabwawa matano yanayofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma lilitangulia mwaka 1968 na Kiambere likafunga hesabu mwaka 1988. Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo ghala kubwa linaloamua mabwawa ya chini yake yatapata maji kiasi gani na lini. Huko delta, Wapokomo hulima kwa kufuata mafuriko ya masika na vuli, Waorma huleta ng'ombe kwenye malisho yanayobaki mabichi wakati wa kiangazi, na samaki huzaliana katika maziwa madogo yanayojazwa na mafuriko hayo hayo.

Anayeamua milango ya Masinga ifunguliwe kiasi gani mwezi wa Aprili anawagusa wote hao kwa pamoja. Akitaka umeme thabiti mwaka mzima, atayazuia maji na kuyaachia kidogo kidogo, na mafuriko yatapungua. Akitaka mafuriko yafike delta kwa wakati wake, atayaachia kwa wingi, na miezi ya ukame mitambo itapungukiwa. Akipanua mashamba ya umwagiliaji, maji yatachotwa kabla hayajamfikia mfugaji. Wahenga walimwonya mshika mbili kwamba moja humponyoka. Msimamizi wa bwawa hakupewa hiari ya kushika moja.

Mwaka 2014 watafiti Anthony Hurford na Julien Harou walichapisha kazi kuhusu bonde hili. Waliunganisha kielelezo cha kompyuta kinachoiga mtiririko wa Tana na algoriti ya kimageuko ya malengo mengi, wakaiacha itafute namna za kuendesha mabwawa na kuwekeza katika umwagiliaji. Walichokipata ni mkusanyiko wa mipango, kila mmoja ukipata hiki na kupoteza kile, ili wenye kuamua waone gharama ya kila njia kabla ya kuishika.

Kazi za aina hii zina hatua moja ambayo kwenye ripoti hupewa sentensi moja, kisha msomaji akapita: kompyuta ilitumia kigezo gani kusema mpango huu utangulie na ule uondolewe? Nashikilia kwamba hukumu nzito kuliko zote imefichwa hapo. Mpango uliotupwa katikati ya utafutaji haufiki mezani. Waziri hatauona, mkulima hatauona, na hakuna atakayeuliza ulikwenda wapi.

Mchujo wa vizazi

Algoriti ya kimageuko huiga uteuzi wa asili. John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan aliipa misingi ya kinadharia katika kitabu chake cha mwaka 1975. Ingo Rechenberg na Hans-Paul Schwefel walikuwa wameanza njia inayofanana nayo mjini Berlin tangu miaka ya 1960. Kompyuta huanza na kundi la majibu yaliyotungwa kwa nasibu, tuseme mipango 100 ya kufungua milango ya bwawa. Kila mpango hujaribiwa kwenye kielelezo cha mto. Iliyofanya vizuri huchanganywa, sehemu ya mmoja ikiungwa na sehemu ya mwingine. Uzao wake hubadilishwa kidogo hapa na pale. Iliyo dhaifu huondolewa. Kizazi kipya kinaanza. Baada ya mamia ya vizazi, kundi huwa limefika mbali sana na pale lilipoanzia.

Kinachousukuma mwendo huo ni mchujo, na hakuna mchujo bila mpangilio. Lengo likiwa moja hakuna ubishi: megawati 90 ni nyingi kuliko 80. Malengo yakiwa mawili au zaidi, hesabu peke yake haitoshi tena.

J. David Schaffer alilivaa tatizo hili mapema, kwa algoriti aliyoiwasilisha mwaka 1985. Aliugawa uteuzi: fungu moja la kundi lichaguliwe kwa lengo la kwanza, fungu jingine kwa lengo la pili, na kuendelea. Njia yake ilifanya kazi, lakini ilikuwa na upendeleo. Waliosalia walielekea kuwa mabingwa wa lengo moja moja. Mpango uliokuwa mzuri kwa yote bila kuongoza katika lolote haukuwa na mtetezi.

Jawabu lililoshika mizizi lilikopwa kutoka kwenye uchumi. Vilfredo Pareto, Mwitaliano aliyezaliwa Paris mwaka 1848, alisomea uhandisi na kufanya kazi katika reli kabla ya kuwa profesa wa uchumi Lausanne, Uswisi, mwaka 1893. Kanuni inayobeba jina lake ni fupi: mpango mmoja unauzidi mwingine iwapo haushindwi katika lengo lolote, na unaushinda walau katika lengo moja. Mpango ambao hakuna mwingine unaouzidi huitwa usiozidiwa.

Mwaka 1989 David Goldberg alipendekeza kanuni hiyo itumike kupanga kundi zima. Carlos Fonseca na Peter Fleming, mwaka 1993, walimpa kila mmoja nafasi kwa kuhesabu wangapi wanamzidi. N. Srinivas na Kalyanmoy Deb, mwaka 1994, walilimenya kundi tabaka kwa tabaka: wasiozidiwa ndio safu ya kwanza, waondoe, watakaobaki bila kuzidiwa ndio safu ya pili, na kuendelea. Toleo lililoboreshwa, NSGA-II, ambalo Deb na wenzake walilichapisha mwaka 2002, limekuwa miongoni mwa algoriti zinazotumiwa zaidi katika fani hii.

Kanuni ya Pareto ina heshima yake. Haisemi chochote ambacho mtu mwenye akili timamu angekipinga. Haihitaji kujua tani moja ya samaki ni sawa na megawati ngapi, wala mkulima ana haki gani mbele ya mwenye kiwanda. Inakataa tu kinachoweza kukataliwa bila kumwonea mtu. Shida ni pale inaponyamaza.

Mipango mitano, washindi wanne

Tuchukue mipango mitano ya kuendesha bwawa, kila mmoja ukiwa na alama kati ya 0 na 100 kwa malengo matatu. Alama hizi nimezitunga kwa ajili ya maelezo, hazikupimwa mtoni.

Mpango A: umeme 95, umwagiliaji 40, mafuriko ya delta 30.
Mpango B: umeme 70, umwagiliaji 75, mafuriko ya delta 45.
Mpango C: umeme 60, umwagiliaji 60, mafuriko ya delta 60.
Mpango D: umeme 30, umwagiliaji 50, mafuriko ya delta 95.
Mpango E: umeme 55, umwagiliaji 70, mafuriko ya delta 40.

Kwa kanuni ya Pareto, B unauzidi E katika yote matatu, basi E unakwenda safu ya pili. A, B, C na D hakuna unaouzidi mwingine. Yote minne ni safu ya kwanza, na Pareto hana la kuongeza.

Sasa tujaribu vigezo vingine. Jumla ya alama, kila lengo likiwa na uzito sawa: B unaongoza kwa 190, ukifuatwa na C kwa 180. Umeme ukipewa uzito mara tatu, A unaongoza kwa 355. Mafuriko yakipewa uzito huo, D unaongoza kwa 365. Tukiuliza mpango upi una alama ya chini iliyo afadhali kuliko za wenzake, yaani upi unamwumiza kidogo zaidi anayeumia kuliko wote, C unashinda, kwa kuwa haushuki chini ya 60 popote.

Mipango ile minne yote imeshika nafasi ya kwanza, kila mmoja kwa kigezo chake, na hakuna kigezo kilichokosea hesabu. Aliyechagua uzito sawa ameshasema kwamba alama moja ya umeme ina thamani ya alama moja ya mafuriko. Aliyeangalia alama ya chini ameshasema kwamba wa mwisho atazamwe kwanza. Hata kubadili megawati na hekta ziwe alama za 0 hadi 100 kulihitaji mtu aamue sifuri iko wapi na mia iko wapi.

Pareto anapozidiwa na wingi

Mtu anaweza kusema: tubaki basi na Pareto, tusimpendelee yeyote. Kwa malengo mawili au matatu inawezekana. Malengo yakiongezeka, mlango huo unajifunga wenyewe.

Chukua majibu mawili kwa nasibu, yenye malengo yasiyohusiana. Ili moja lilizidi jingine, lazima lishinde katika kila lengo. Malengo yakiwa mawili, uwezekano kwamba mojawapo linalizidi jingine ni nusu. Yakiwa matatu ni robo. Kila lengo linaloongezeka linaukata uwezekano huo katikati, na yakifika 10 unakuwa 1 kati ya 512. Kundi la majibu 100 lina jozi 4,950. Kwa malengo 10, ni jozi zipatazo 10 tu ambazo Pareto anaweza kuzitolea kauli. Karibu kundi zima linaingia safu ya kwanza tangu kizazi cha mwanzo. Mchujo unakosa makali, na utafutaji unatangatanga.

Hapo ndipo kigezo cha pili, kile kilichowekwa kama msaidizi wa kuamua sare, kinapogeuka kuwa hakimu mkuu. Katika NSGA-II msaidizi huyo ni umbali wa msongamano: anayekaa mbali na jirani zake hupendelewa, na walio kwenye ncha za lengo lolote, ya juu au ya chini, hupewa umbali usio na kikomo ili wasipotee. Kiliwekwa ili majibu yatawanyike, na kwa malengo mawili kinaifanya kazi hiyo vizuri. Lakini tazama mipango yetu. A uko kwenye ncha za malengo yote matatu, D uko kwenye ncha ya umeme na ya mafuriko, B uko kwenye ncha ya umwagiliaji. C ndio pekee usiogusa ncha yoyote. Nafasi zikiwa tatu tu, unaotupwa ni C, mpango pekee ambao haukumwangusha mtu.

Msanifu wa algoriti hakuwa na nia ya kuwakandamiza wa katikati. Ni kigezo kilichopewa mzigo ambao hakikuundwa kuubeba.

Kushika namba

David Corne na Joshua Knowles walilishughulikia swali hili katika kazi yao ya mwaka 2007. Walilinganisha vigezo kadhaa vya kuwapanga wasiozidiwa, kwa matatizo yenye malengo kuanzia 5 hadi 20. Kilichoibuka mara nyingi kuwa bora ni kimojawapo kilicho rahisi kabisa, ambacho wengi walikuwa wamekipita: wastani wa nafasi. Kinafanana na ripoti ya shule: usitazame alama, tazama mwanafunzi ameshika namba ngapi katika kila somo, kisha ujumlishe namba hizo.

Kwa mipango yetu, B umeshika namba 2, 1 na 3, jumla 6. C una 8. D na E wanalingana kwa 10. A una 11. Uzuri wa kigezo hiki ni kwamba hakijali vipimo: hekta na megawati hazihitaji kubadilishwa ziwe kitu kimoja. Pia, mpango unaouzidi mwingine kwa kanuni ya Pareto hauwezi kupangwa nyuma yake. Lakini angalia mkiani: E, ambao B unauzidi kwa kila lengo, umepangwa mbele ya A, usiozidiwa na yeyote. Kigezo hiki hakiwapendi mabingwa wa somo moja.

Ndugu yake, kigezo cha nafasi bora, kinapendelea upande wa pili. Chenyewe hutazama namba nzuri kuliko zote ambazo mpango umewahi kushika. A, B na D wana namba 1, E una namba 2, na C, ambao namba yake nzuri ni 2 pia, unasimama sawa na E usio na cha kujivunia. Ukitumia hiki peke yake, kundi litajaa mabingwa, kama ilivyotokea kwa Schaffer.

Wastani wa nafasi una kasoro ya ndani zaidi. Ongeza mipango mitatu duni: kila mmoja una umeme 20 na umwagiliaji 20, na mafuriko 50, 52 na 54. Hakuna atakayeichagua, maana C unaizidi yote kwa kila kitu. Hata hivyo imejipenyeza kati ya B na C katika lengo la mafuriko. B unashuka hadi namba 6 katika lengo hilo na jumla yake inakuwa 9. C unabaki na 8. C sasa unaongoza, ingawa si B wala C uliobadilika hata chembe. Katika algoriti ya kimageuko, ambapo kila kizazi huzaa majibu duni kwa wingi, jambo hili si la kubuni.

Waliosoma historia ya upigaji kura watalitambua. Katika karne ya 18, Jean-Charles de Borda, mwanamaji na mwanahisabati wa Ufaransa, alipendekeza wagombea wapimwe kwa jumla ya nafasi walizopewa na wapiga kura, na udhaifu wake ulikuwa huu huu. Weka malengo mahali pa wapiga kura na mipango mahali pa wagombea, na kupanga majibu kunakuwa uchaguzi. Mwaka 1951 Kenneth Arrow alithibitisha kwamba, wagombea wakiwa watatu au zaidi, hakuna njia ya kuunganisha mipangilio ya wapiga kura inayotimiza kwa pamoja masharti machache ambayo kila mtu angeyaona ya haki: kwamba wote wakikubaliana matakwa yao yafuatwe, kwamba wagombea wa pembeni wasigeuze mpangilio wa wawili wengine, na kwamba pasiwe na mpiga kura mmoja anayewaamulia wote. Kwa hiyo anayesubiri mtafiti avumbue njia ya kuunganisha nafasi isiyo na kasoro yoyote anasubiri kitu kilichokwisha kuthibitishwa kuwa hakiwezekani.

Ujazo na nukta ya rejea

Njia nyingine huacha kumpima mmoja mmoja na kulipima kundi zima. Eckart Zitzler na Lothar Thiele, mwishoni mwa miaka ya 1990, walitumia ujazo wa eneo ambalo kundi la majibu linalifunika, kuanzia nukta ya rejea iliyochaguliwa. Kila mpango hupewa sifa kwa kiasi cha ujazo ambacho kingepotea ungeondolewa. Nicola Beume, Boris Naujoks na Michael Emmerich walikijengea kigezo hiki algoriti kamili mwaka 2007. Ujazo una sifa adhimu: kundi ambalo kwa kanuni ya Pareto ni bora haliwezi kupata ujazo mdogo kuliko lililo duni. Gharama yake ni hesabu, ambayo hupanda kwa kasi malengo yanapoongezeka, hata Johannes Bader na Zitzler wakapendekeza mwaka 2011 ujazo ukadiriwe kwa nukta za nasibu.

Kuna pia gharama nyingine isiyoonekana. Kwa mipango yetu minne isiyozidiwa, nukta ya rejea ikiwa sifuri kwa malengo yote, mchango wa B ni 62,250, wa D ni 52,500, wa C ni 31,500 na wa A ni 30,000. Wa kuondoka ni A. Isogeze nukta ya rejea hadi 20 chini ya sifuri: mchango wa A unakuwa 75,000 na wa C 43,500. Wa kuondoka sasa ni C. Kila alama ya kila mpango imebaki ilivyokuwa. Kilichohama ni nukta ambayo katika ripoti nyingi haipewi hata mstari mmoja.

Wengine wameugawa uamuzi. Qingfu Zhang na Hui Li, mwaka 2007, walilivunja tatizo kuwa matatizo madogo mengi, kila moja na uzito wake. Deb na Himanshu Jain, mwaka 2014, walitandaza nukta za rejea katika kila upande ili kila mwelekeo upate mwakilishi. Njia hizi hupunguza hatari ya upande mmoja kusahaulika kabisa. Lakini ni nani aliyeamua pande ziwe ngapi na zitandazwe vipi? Ni mtu yule yule, ameketi hatua moja nyuma.

Wajibu wa anayepanga

Vigezo havilingani kwa ubora. Kwa malengo mawili au matatu, tabaka za Pareto pamoja na kigezo cha kutawanya zinatosha kwa kazi nyingi. Kwa malengo mengi, wastani wa nafasi unasukuma vizuri kwa gharama ndogo, lakini ukiachwa peke yake huelekea kulikusanya kundi mahali pamoja, hivyo unahitaji mwenzake wa kulinda utofauti. Ujazo unafaa pale hesabu inapomudu na nukta ya rejea ina sababu inayoelezeka. Uzito unafaa pale tu wenye haki ya kuuweka walipouweka wenyewe.

Kwa mradi unaogusa maisha ya watu, naona mambo matatu ni ya lazima. La kwanza, ripoti itaje kigezo, uzito, mizani na nukta ya rejea kwa lugha ambayo mjumbe wa kamati ya maji anaielewa. La pili, utafutaji ufanywe kwa vigezo viwili vyenye mielekeo inayopingana, mathalani wastani wa nafasi na alama ya chini, na mipango iliyosalia upande mmoja ikatupwa upande wa pili ionyeshwe waziwazi. Gharama yake ni saa za kompyuta. La tatu, ambalo ni gumu kuliko yote, watakaoathirika waulizwe kabla kompyuta haijawashwa. Kumletea mkulima wa delta mipango 12 iliyokwisha chujwa na kumwomba achague ni kumshirikisha katika nusu ndogo ya uamuzi. Nusu kubwa ilifanyika siku mhandisi alipoandika mistari michache ya programu inayosema nani atangulie. Mistari hiyo inapaswa kujadiliwa hadharani kama inavyojadiliwa bajeti, na wanaoijua zaidi ndio wenye wajibu wa kwanza wa kuileta mbele ya watu.